Bunduki ya Mzee wa Fidla

Nabhan alikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la video la Bi Esha, Matondoni, na Kiingereza hakukijua. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua. Filamu za Bi Esha zilikuwa za ngumi na risasi, na mtu akipigwa teke hahitaji sarufi. Nabhan alishika kipaza sauti, akawawekea waigizaji wote maneno vinywani, na wateja wakarudi.

Kisha Kiptoo, mwalimu wa Kiingereza kutoka Eldoret, akahamishiwa kijijini. Alitazama filamu moja tu, akamweleza Bi Esha kwamba yule ambaye Nabhan alimwita jambazi alikuwa daktari wa meno.

"Yeo ukiharibu," Bi Esha akamwambia Nabhan, "kipaza sauti nampa mwalimu."

Filamu ya siku hiyo Nabhan hakuwahi kuiona. Mzee mwembamba alishuka kwenye treni akiwa na sanduku jeusi refu. Masanduku ya aina hiyo Nabhan aliyafahamu vizuri.

"Bunduki hiyo, jamaa zangu!"

Banda likashangilia. Kiptoo akanyoosha mkono.

"Shusha mkono, mwalimu, hapa si darasani!" akafoka Bakr, fundi wa mashua.

Mzee akanywa chai. Akazuru kaburi la mkewe. Akafungiwa mlango na binti yake.

"Anapanga," Nabhan akaeleza. "Aliyemuua mkewe atamtambua."

"Mbona hapigi mtu?" Bakr akalalamika. "Saa nzima, hata kofi!"

"Subiri. Sanduku likifunguka, mtakimbia."

Likafunguka, jukwaani, mbele ya ukumbi uliojaa watu. Ndani mlikuwa na fidla.

Kiptoo akasimama, akarekebisha kola yake, tayari kupokea kipaza sauti. Lakini mzee akaanza kupiga. Hakuna aliyesema neno katika filamu, kwa hiyo hapakuwa na la kutafsiri wala la kukosea. Alipiga polepole, macho kayafumba. Binti yake akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama akiwa bado na koti mkononi. Bi Esha akatafuta ncha ya leso yake.

"Na bunduki?" Bakr akauliza.

Nabhan alikuwa na muda wa pumzi moja.

"Ameiuza," akasema. "Kanunua fidla."

Bakr akaangua kilio. Safu yake ikafuata, na safu ya nyuma ikaifuata ile.

"Bunduki haikuwapo tangu mwanzo," Kiptoo akasema, naye anapenga kamasi. "Mzee anamwomba bintiye radhi, basi."

"Nyamaza, mwalimu," Bakr akasema. "Twalia."

Taa zilipowaka, Bi Esha alikuwa amevimba macho.

"Hata mimi umenitoa matozi," akamwambia Nabhan. "Kipaza sauti baki nacho. Mwalimu atakaa kando yako, akwambie yanayosemwa."

"Nami niyaseme hayo hayo?"

"Ole wako."