Mapengo ya Ukingo

Mawingu yakitanda tu, Mhandisi hakutulia tena. Jumapili ile yalitanda akiwa mezani kwa wifi yake, kijiko mkononi, macho dirishani.

"Kula, dada," wifi akamwambia. "Mvua haiji kukukagua wewe."

Kumbe ilikuwa inakuja kumkagua hasa. Nyumba ya wifi ilikuwa bondeni, na tangu uwanja wa magari wa maghorofa yaliyo juu ya mteremko uwekwe lami, kila mvua kubwa ilihamia sebuleni. Mama mkwe, ambaye miguu haikumbeba tena, alishazoea kunyanyuliwa na kuwekwa juu ya meza kama sufuria. Mhandisi aliona haya. Akawabembeleza wenye maghorofa msimu mzima hadi wakamruhusu kuchimba bustani kando ya lami: imebonyea kama sahani, chini kokoto, juu mchanga na udongo, kisha nyasi ndefu na maua yasiyoogopa maji. Maji ya mvua yaingie humo, ardhi iyanywe polepole badala ya kuyaachia yakimbilie bondeni. Ukingo wa saruji uliozunguka lami akauachia mapengo, ndiyo milango ya maji. Wenye maghorofa walicheka mpaka wakashika mbavu: mtaro tunaujua, lakini kuyatega maji kwa maua!

Na mvua kubwa ya kwanza ndiyo hiyo, inakuja.

Tone lilipogonga bati, alisimama. "Mama, samahani, natoka mara moja."

"Nenda, mwanangu," mama mkwe akasema. "Hata ukikaa, haupo."

Alipofika juu, mvua ilikuwa inamwagika utadhani mbingu imetoboka. Maji yaliteremka juu ya lami, yakafika kwenye ukingo, yakageuka na kuufuata hadi getini, kisha yakashika njia ya bondeni kama zamani. Bustani ilikuwa imelowa juu juu tu. Mhandisi akainama, akaupapasa ukingo. Mapengo hayakuwepo. Yote yalikuwa yamezibwa kwa saruji mpya, laini kama uso wa mtoto.

"Nani kaziba hapa?" akamfokea mlinzi aliyejibanza kibandani.

"Fundi Maridadi, yule mwashi, juzi. Alisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kakusitiri, dada. Watu walikuwa wanasema umeacha kazi nusu."

"Nipe kitu cha kuvunjia!"

"Mimi nalinda, sivunji," mlinzi akasema. Lakini akautoa mtaimbo.

Akapiga. Saruji ikamrudishia mtaimbo, viganja vikawaka moto. Akapiga tena, kikabanduka kipande cha ukubwa wa kucha. Ndipo wifi alipotokea getini, miguu mitupu, gauni amelikunja magotini.

"Maji yameingia! Mama yuko mezani na jirani! Ndiyo bustani yako hii?"

"Wameziba milango, wifi! Maji hayana pa kuingilia!"

Wifi akautazama ukingo, akamtazama yeye. "Lete hapa. Wewe unaibembeleza."

Alishusha pigo moja, ukingo ukapasuka. La pili, maji yakatumbukia bustanini kwa kishindo. Wakahamia pengo la pili, wakipokezana, hadi yote yakafunguka na mkondo wa getini ukawa mwembamba kama utambi.

Mhandisi hakushusha pumzi. Sasa bustani ilikuwa inajaa, nyasi zimezama, zimebaki ncha.

"Ikifurika je?" wifi akauliza.

"Hesabu yangu inasema haifuriki."

"Na mvua imeisoma hesabu yako?"

Haikufurika. Mvua ilikatika maji yakiwa yameukaribia ukingo. Bondeni, sebule ililowa, lakini vyumba vilipona. Hata hivyo watu waliinama kwenye vibaraza vya ghorofa wakipiga kelele: "Umetuchimbia bwawa la mbu!" Mhandisi alilala kwa kugaragara, na kesho yake kazini alikuwa akichora mstari, anaufuta, anauchora tena. Mchana ulipofika akaaga, akaenda.

Bustani ilikuwa imekunywa yote. Pamebaki tope linalong'aa na nyasi zilizolala upande mmoja. Akachovya kidole, akacheka peke yake. Alipoinua kichwa akamwona Fundi Maridadi, mikono kiunoni, akiutazama ukingo uliovunjwa.

"Nani kaniharibia kazi?"

"Mimi na wifi yangu. Ile ilikuwa milango ya maji, fundi."

"Milango!" Maridadi akaishusha mikono. "Si ungesema? Mimi niliona ufa."

"Sikukwambia, kweli."

Fundi akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye meno ya saruji. "Mlango gani huu, kama umeng'atwa na mbwa? Taka zitanasa hapa, utazibika wenyewe. Niache niuchonge, niupe mteremko kwa ndani."

"Leo?"

"Una haraka gani?"

Mhandisi alikuwa ameshageukia upande wa pili wa uwanja, kule maji yalikotiririkia ukutani, akipima kwa macho mahali pa kuchimba bustani nyingine. Juu ya paa wingu moja lilikuwa linanenepa.

"Leo, fundi," akasema. "Tafadhali, leo hii."