Kibuyu cha Mkwe

Mama Celina, jirani yao wa kijijini Nshamba, aliapa kwamba amemkuta Josia kachuchumaa kibanjani, kwenye shamba lao la migomba, anachora uchawi kwa mwiba kwenye jani la mgomba, huku akilisihi: "Toka basi, toka!" Akaongeza kwamba migomba mitatu ilinyauka palepale.

Kokuhirwa, dada yake Josia, hakubishana naye. Alikwenda akamkuta kaka yake na jani lenyewe. Uchawi haukuwapo. Daftari zilikwisha, akahamia majani, na zilibaki siku nne lori limpeleke Bukoba kupanda meli, arudi shuleni kufanya mtihani wa kuingia Makerere. Swali moja la kemia lilikwisha kumwangusha mara tatu.

"Nimepewa wanga, basi," alisema Josia. "Nitoe kitu chenye harufu ya matunda. Wanga naugeuza sukari, sukari naigeuza alkoholi, alkoholi naigeuza asidi. Sasa asidi ikutane na alkoholi ndipo harufu itoke. Lakini alkoholi nimeshaigeuza yote! Nyingine naitoa wapi?"

Kokuhirwa aliishia darasa la nne. Alifuata mishale kwa kidole, mmoja mmoja, bila haraka.

"Hiyo alkoholi ndiyo iliyomo kwenye lubisi, pombe ya ndizi ya baba mkubwa Buberwa?"

"Ndiyo hiyo. Baba asikusikie, mzee wa kanisa yule."

"Na asidi ni lubisi iliyochacha ikawa siki?"

"Eeh."

"Mawe, mama wee! Kaka, lubisi ikiiva, kabla mtu hajaonja, baba mkubwa hutenga kibuyu cha mkwewe. Wewe umechachusha mtumbwi mzima wa lubisi! Msomi gani hatengi?"

Josia alilikodolea macho jani. Kisha akaruka juu kama aliyekanyaga siafu.

"Mishale miwili! Nusu iwe asidi, nusu ibaki alkoholi! Halafu nizikutanishe, nitie matone ya asidi kali, na moto!"

"Mnaona?" Mama Celina alipaza sauti ng'ambo ya ua. "Kichaa kimempanda!"

Josia alikata jani jingine, na jingine. Kila alipokwama, Kokuhirwa aliuliza, "Umetenga nini?" naye akacheka, akachora. Swali la nne likatoka, la tano, la sita. Kokuhirwa alitangulia kwa kidole; mishale ilikuwa ikimwitikia hata kabla kaka yake hajaimaliza.

"Waitu kaka, nakuomba," alisema, "kabla lori halijaja, nifundishe na mimi, tangu hatua ya kwanza."

Josia hakumsikia; alikwisha kuliinamia swali la saba.