Simu ya Benki Saluni kwa Shangazi

Saluni ya Shangazi haikuwa na siri, na wateja waliipendea hilo. Kutwa nzima mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu, ndani ya glavu zilizojaa dawa, kwa hiyo mambo yake mengine yote aliyafanyiwa na waliokuwa karibu. Simu ikilia, mteja mmoja aliipokea na kubonyeza spika. Muuza maji akipita, mteja mwingine alifungua pochi ya Shangazi na kulipa. Na akimtuma mtu kwenye mashine ya kutolea pesa ng'ambo ya barabara, alimwacha avuke kwanza na kadi, kisha akamtangazia namba ya siri kupitia dirishani. Kinyozi wa jirani alikuwa ameshaitungia wimbo.

Mpwa wake, binti wa kaka yake, nusura azimie alipousikia wimbo huo. Alikuwa amemaliza chuo, na wakati akisubiri kuitwa kazini aliosha vichwa pale kwa ndoo na kopo. Alimvuta Shangazi hadi benki wakabadili namba. Kisha akaandika kwa kalamu nene na kubandika kwenye kioo: USIMPE MTU NAMBA ZA KADI YAKO. Aliamini kabisa, kwa moyo mweupe, kwamba mtu akielezwa vizuri huelewa. Wateja walilisoma tangazo, wakausifu mwandiko, wakaendelea kujitazama.

Kadi ile ilikuwa imebeba ndoto ya Shangazi: sinki la kuoshea nywele, lenye kiti cha kulalia na bomba la maji ya moto. Fundi alikuwa ameahidi kulileta Jumamosi, na angelipwa kwa kadi. Shangazi alikuwa amelisubiri sinki hilo kama watu wanavyosubiri mtoto.

Asubuhi ya Ijumaa mpwa alikuwa uani akikamua mataulo aliposikia sauti ya mteja mmoja, muuza samaki. Mama huyo alikuwa amekaa chini ya draya kubwa ya kukaushia nywele, na mtu akiwa na kichwa ndani ya draya hupiga kelele kwa sababu hajisikii.

"Nne! Tano! Saba! Moja!"

Mpwa akadhani anahesabu rola. Akachungulia. Muuza samaki ameshika kadi ya Shangazi mbali na macho yake, anaisoma. Bibi harusi mtarajiwa ameinua simu juu, spika wazi. Shangazi yuko katikati, dawa imemjaa mikononi, kichwa cha mwalimu kiko mbele yake, na macho yamemtoka.

"Vizuri sana, mama," ilisema sauti tamu ya kiume kutoka kwenye simu. "Endelea tuifunge kadi haraka. Mwizi anaendelea kununua televisheni nayo."

"Msomee, shoga, msomee!" Shangazi alilia. "Sinki langu linaondoka!"

"Mbili! Mbili! Sita..."

"Acha!" mpwa alipiga ukelele. Nani amsikie? Kati yake na simu kulikuwa na miguu ya wateja, ndoo na mataulo. Lakini swichi za draya zilikuwa ukutani, karibu na bega lake. Akaziwasha zote kwa mpigo.

Saluni ikanguruma kama kiwanda. Muuza samaki alisoma hadi mwisho, kwa bidii, na hakuna aliyemsikia, hata yeye mwenyewe. Mpwa akaruka miguu, akapindua ndoo, akampokonya bibi harusi simu na kuikata. Ndipo akazima draya.

"Umenikatia benki!" Shangazi alisema. "Mtoto wewe, watu wanataka kunisaidia, unawakatia?"

"Shangazi yangu, huyo ndiye mwizi mwenyewe."

"Mwizi gani ananiita mama kwa adabu vile?"

"Kijana ana heshima kweli," bibi harusi aliunga mkono. "Mchumba wangu hajawahi kunisemesha hivyo."

Simu ikalia tena. Mpwa akabonyeza spika.

"Mama, hapo kwenu kuna fujo sana," sauti ililalamika. "Mimi nimejitolea muda wangu. Tulifika kwenye sita."

"Samahani, kaka," mpwa alisema. "Kwani wewe unapiga kutoka benki gani?"

Sauti ikakohoa.

"Benki... yenu."

"Ndiyo hiyo ninayoiuliza. Jina lake?"

"Dada, mimi naongea na mama."

"Basi niambie mimi mama!" Shangazi aliinama juu ya simu. "Benki yangu inaitwaje?"

Simu ikakatwa. Muuza samaki, aliyekuwa ametoa kichwa kwenye draya kwa ajili ya mazungumzo hayo, aliitazama kadi mkononi mwake, akairudisha taratibu kwenye pochi kana kwamba imemuunguza.

"Nimesoma ngapi, jamani?"

"Za kutosha kututia wasiwasi," mpwa alisema, akamshika begani. "Hukukusudia, mama. Tuwapigie benki sisi wenyewe, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi."

Dada wa benki alipokea, akawasikiliza, akasema ataifunga kadi hiyo sasa hivi, ila kwanza athibitishe anaongea na mwenyewe. "Shuleni ulikuwa na jina gani la utani?"

"Kasuku!" saluni nzima ilijibu.

Dada wa benki akashtuka. "Nani amejibu?"

"Sisi!"

"Ajibu mwenye akaunti tu, tafadhali, na awe peke yake. Nitauliza swali jingine."

Shangazi akawatazama wateja wake mmoja mmoja. Kisha akaunyoosha mkono wenye glavu kuelekea mlangoni.

"Tokeni."

"Na rola hizi?"

"Tokeni nazo!"

"Kichwa kinaniwaka!" mwalimu alilia.

"Utaoshewa nje. Mwanangu, chukua ndoo."

"Hata mimi nitoke?" mpwa aliuliza.

"Hata wewe. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Basi wakajipanga barabarani, muuza samaki na rola zake, bibi harusi na kichwa kilichotengenezwa nusu, mwalimu ameinama juu ya mtaro huku mpwa akimmwagia maji kwa kopo. Wapita njia wakasimama. Kinyozi akatoka na kiti chake ili asikose kitu. Kupitia kioo walimwona Shangazi amegeukia ukuta, kiganja mdomoni, ananong'ona. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona akinong'ona, na mpwa alihisi machozi yakimlenga.

Mlango ukafunguliwa. Mdomo wa Shangazi ulikuwa mweupe kwa dawa.

"Imefungwa. Hakijatoka kitu. Kadi mpya inakuja, na fundi wa sinki atasubiri."

Wakapiga vigelegele. Muuza samaki akasogea karibu.

"Na hilo swali la pili, walikuuliza nini? Ukajibuje?"

Barabara nzima ikatega sikio. Shangazi alivuta pumzi, akafungua mdomo kama kawaida yake, akamwona mpwa wake na kopo mkononi, akaufunga.

"Ingieni ndani," alisema. "Mnanizibia mlango."