Mama Aliyekamatwa kwa Niaba ya Mwanawe

Pikipiki ya kituo ilisimama mbele ya kaunta Jumanne saa mbili asubuhi, na Konstebo Yona akamshusha mwanamke wa makamo aliyejifunga shuka kifuani. Miguu yake ilijaa udongo wa shamba. Kiganja cha kulia alikuwa amekifumba, na alipoambiwa akifumbue, zikadondoka mbegu za maharage kwenye sakafu ya saruji.

Koplo Odilia, aliyekuwa zamu kaunta, alimtazama yule mama, akamtazama na Yona. Kisha akasema, kama alivyofunzwa kwao Muleba kabla hajafunzwa upolisi, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu. Yona akacheka puani.

Jina lake lilikuwa Marieta Hhando, mkulima wa Gendabi, mjane, miaka hamsini na saba. Odilia aliuliza kosa lake. Yona akasema mkuu wa kituo ndiye anayejua, yeye ametumwa tu.

Habari yenyewe Odilia alikuwa ameisikia tangu juzi. Ng'ombe wa mfugaji mmoja aitwaye Alfredi Akonaay waliingia kwenye maharage ya mama huyu, wakayalaza chini nusu ekari. Mwanawe, Wolfgang, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akashikwa na hasira, akamkata maksai mmoja paja kwa panga. Maksai ikabidi achinjwe. Wolfgang akatokomea. Alfredi alikuja kulalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika, maana maksai ni mguu wa nyumba. Lakini Alfredi alikuwa pia rafiki wa mkuu wa kituo, Inspekta Felician. Malalamiko yake yalipokelewa kwa kiti na chai.

Odilia aliingia ofisini kwa mkuu kuuliza aandike kosa gani kwenye kitabu cha mahabusu. Felician hakuinua macho kwenye simu yake. "Andika kuwazuia polisi kufanya kazi yao. Amemficha mtuhumiwa."

"Tuna ushahidi, afande?"

"Ushahidi ni yeye mwenyewe. Akikaa humo ndani siku mbili tatu, mtoto atakuja mbio. Hakuna mtoto atakayemwacha mama yake mahabusu."

Odilia alijua sheria. Mtu hakamatwi kwa kosa la mwanawe, na mama si kamba ya kumvutia ndama. Lakini alikuwa na mwaka mmoja tu katika kituo kile, na ripoti yake ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwa mtu huyo huyo. Akasema, "Sawa, afande," akatoka.

Aliloweza kufanya vizuri alilifanya. Alimkalisha mama kwenye benchi, akamweleza amekamatwa kwa tuhuma gani, kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba ana haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Mama Marieta alisema wakili hamjui, ila kaka yake Modest ni katekista na ana simu. Odilia akampa simu yake mwenyewe apige. Kisha akaandika maelezo yake, neno kwa neno. Mama alisema mwanawe aliondoka Jumapili baada ya kumkata maksai, hakuaga, na hajui yuko wapi. "Ningejua ningemleta mimi," alisema. "Ng'ombe hana kosa. Mwenye kosa ni aliyemwachia."

Odilia alipomsomea, mama akaomba karatasi aisome mwenyewe. Aliisoma polepole huku midomo ikichezacheza, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Hapa umeandika amekimbia. Mimi nimesema ameondoka. Kukimbia sikumwona."

Odilia alilikata neno lile, akaandika juu yake, mama akaweka sahihi pembeni ya masahihisho na nyingine chini. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyesoma enzi za kupigwa viboko kwa herufi mbaya. Kufikia saa nne kazi yote ilikuwa imekwisha. Hapakubaki sababu hata moja ya kumweka mama yule pale.

Saa saba Modest alifika, kofia mkononi, amebeba barua ya mtendaji wa kijiji, kitambulisho chake na nakala ya cheti cha shamba. Alisalimia kila mtu aliyekuwa kaunta. Akasema amekuja kumdhamini dada yake. Odilia alizipitia karatasi zote, hazikuwa na dosari. Alizipeleka ndani, na Felician akazirudisha kwa kidole, kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilichochacha. Akasema dhamana ya huyo mama imefungwa mpaka kijana apatikane.

Odilia akarudi kaunta kumwambia Modest hivyo hivyo.

"Imefungwa na nani?" aliuliza Modest.

"Ni maelekezo."

"Mimi nafundisha watoto katekisimu, afande. Nikiwaambia jambo, wananiuliza limeandikwa wapi. Hili limeandikwa wapi?"

Odilia alimkasirikia Modest kwa kuuliza kwa upole, maana angefoka ingekuwa rahisi kumfukuza. Modest akavaa kofia, akatoka, akakaa kwenye jiwe nje ya geti. Dada yake akaingizwa mahabusu, chumba chenye dirisha moja la ukubwa wa kitabu, na upepo wa mlima ukipuliza humo bila huruma. Mlango ulifungwa kwa ufunguo, na aliyeuzungusha ule ufunguo alikuwa Odilia.

Jioni, kabla ya kubadilishana zamu, Felician alimwita ofisini, akamkabidhi karatasi mpya. Yalikuwa maelezo mengine ya Marieta Hhando, ameyaandika yeye. Humo mama alikuwa anakiri kwamba alimpa mwanawe chakula na nauli, akamwelekeza kwa ndugu zao Bashay, na akaapa kwamba polisi hawatampata. Chini kulikuwa na nafasi ya dole gumba, na juu yake imeandikwa kuwa mtoa maelezo hajui kusoma wala kuandika.

"Amekataa kuweka dole," alisema Felician. "Mkaidi kama punda. Wewe saini hapo kama mwandishi, na uandike kuwa amegoma."

"Mama huyu anajua kusoma, afande. Alinisahihisha."

"Koplo, mimi sijakuuliza elimu yake."

Odilia aliichukua ile karatasi kwa sababu mkono wa mkubwa ukinyooshwa, mkono wa mdogo hupokea. Lakini hakusaini. Aliibeba hadi nyumbani, akaisoma tena na tena mpaka akaona herufi zinacheza. Hasira iliyompanda haikuwa ile ya kupiga kelele. Ilikuwa hasira ya mtu aliyegundua kwamba kwa miaka sita ameitwa askari mzuri kwa sababu tu ya kunyamaza vizuri.

Jumatano asubuhi Felician alivaa sare iliyopigwa pasi, akapanda gari kwenda kikaoni Katesh. Kabla ya kupanda alisimama dirishani pa kaunta. "Nikirudi nikute imesainiwa."

Saa mbili ikafika, ikapita. Saa ishirini na nne ambazo sheria inaruhusu kumshikilia mtu zilikuwa zimetimia, na mama hajafikishwa mahakamani wala hakuna aliyekuwa na nia ya kumfikisha. Odilia alikwenda kumtazama. Alimkuta amekaa ameegemea ukuta, shuka kichwani, uji wa asubuhi haujaguswa. Odilia akauliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema Mama Marieta bila kumtazama. "Mvua imenyesha juzi. Leo ndiyo siku ya kupanda tena. Kesho udongo utakuwa umekauka. Ng'ombe wamekula ya kwanza, na nyinyi mnakula ya pili."

Odilia alirudi kaunta, akatoa kitabu cha sheria ya mwenendo wa jinai alichokinunua chuoni na ambacho tangu chuoni hakuna aliyewahi kumwona nacho. Akafungua mwanzo, penye maana ya maneno. Mkuu wa kituo asipokuwepo, kilisema kifungu, ni yule anayemfuatia kwa cheo miongoni mwa waliopo, ilimradi awe juu ya konstebo. Alisoma mara mbili. Kituoni siku hiyo walikuwepo makonstebo watatu na koplo mmoja.

Akamwita Yona, akamwambia amwite Modest getini na alete fomu ya dhamana.

Yona akageukia mlango wa ofisi ya mkuu. "Mkuu amesema imefungwa."

"Mkuu yuko Katesh. Mkuu wa kituo hiki, kuanzia alipotoka hadi atakaporudi, ni mimi. Soma hapa." Alimsukumia kitabu. Yona hakukisoma. Alisema yeye hataki kuingizwa kwenye hayo, ana watoto. Odilia akamwambia hata yule mama ana mtoto, ndiyo maana yuko ndani.

Alijaza fomu mwenyewe kwa mwandiko ulionyooka. Modest akasaini kama mdhamini. Kwenye kitabu cha mahabusu Odilia aliandika saa ya kukamatwa, saa ya kuachiwa, na jumla ya saa ishirini na nane, kisha akaweka jina lake, cheo chake na namba yake ya jeshi. Juu ya ile karatasi ya Felician aliandika mstari mmoja: maneno haya hayakusemwa na mtoa maelezo mbele yangu. Akaibana kwenye jalada pamoja na maelezo ya kweli.

Mama Marieta alitoka akikinga macho na jua. Odilia, kitabu cha sheria kwapani, alimweleza masharti ya dhamana na siku ya kurudi, akamtakia safari njema, akanyoosha mkono. Nafsini mwake, ingawa asingekiri, alikuwa anangoja shukrani.

Mama hakuupokea ule mkono.

"Kitabu hicho jana kilikuwa wapi?" aliuliza.

Odilia akaurudisha mkono.

"Jana ulijua. Ulinisalimia vizuri, ukaniandika vizuri, halafu ukanifungia vizuri. Huyo mkubwa wako angalau haniamkii." Akajifunga shuka, akaondoka na kaka yake kuelekea barabarani, na hakugeuka nyuma.

Felician alirudi saa kumi. Alipoonyeshwa kitabu cha mahabusu, alikipiga juu ya kaunta mpaka kalamu zikaruka. Alimwita Odilia msaliti, akasema atahakikisha anamaliza kazi yake akilinda bohari ya pembejeo. Odilia akasema, "Afande, kama nimekosea, naomba uniandikie mashtaka, na uandike nilimwachia kwa kifungu gani na wewe ulimshikilia kwa kifungu gani." Felician aliondoka bila kuandika chochote, na kwa siku tisa hawakusemezana ila kwa amri.

Wolfgang alijitokeza mwenyewe wiki iliyofuata, akiongozana na mtendaji. Alikuwa machimboni upande wa pili wa mlima, na habari za mama yake alizipata kwa kuchelewa. Alifikishwa mahakamani kwa kosa lake mwenyewe, akakiri, na kesi yake ikaenda kama kesi nyingine.

Siku ya kumi ndipo ofisa kutoka makao ya mkoa alipofika na barua ya malalamiko. Ilikuwa kurasa tatu, mwandiko ule ule wa mtu wa enzi za viboko. Ililalamikia polisi watatu: Felician kwa kumkamata asiye na kosa na kumtungia maneno, Yona kwa kumvuta shambani bila kumwambia sababu, na Koplo Odilia kwa kumfungia huku akijua si halali.

Odilia aliposoma jina lake, damu ilimchemka. Aliihatarisha kazi yake kwa ajili ya mama yule, na haya ndiyo malipo. Alitembea na barua hadi nyuma ya kituo, akasimama kwenye majani ya mahindi yaliyokauka. Alitafuta katika ile aya iliyomhusu, kwenye ukurasa wa tatu, neno moja la uongo alikate, kama mama alivyotafuta kwenye mstari wa nne. Hakulipata. Saa zilikuwa sahihi. Maneno yalikuwa sahihi. Hata ule mlango, mama alikuwa ameandika ufunguo ulishikwa na mkono gani.

Akarudi ndani. Ofisa wa mkoa alimuuliza ana utetezi gani.

"Kuhusu ukurasa wa tatu," alisema Odilia, "sina. Aliyoandika ni kweli."

Felician alihamishwa bila maelezo, kama wanavyohamishwa wakubwa. Yona alionywa kwa mdomo. Odilia alipewa karipio la maandishi, na ripoti yake ya cheo ikarudishwa nyuma mwaka mmoja. Hasira haikumwisha. Aliendelea kukaa nayo kaunta, na kila aliyeletwa, kabla hajaulizwa jina, alimwandikia kwanza saa aliyoingia.