Tarehe ya Kuhama

Kuna watu wanaodhani barua pepe hukaa mbinguni. Wateja wetu wengi ni wa dini hiyo. Ukiwaambia kwamba barua zao zote, za biashara na za mapenzi, zimo ndani ya seva moja katika chumba kilicho juu ya duka la vyuma hapa Kisumu, wanakutazama kana kwamba umewatukana. Lakini ndivyo ilivyo. Duka ni la mzee Balwant Singh. Huku juu, bintiye Gurleen amefungua kampuni ya kuhifadhi barua pepe za watu, na mimi, Lorine, ndiye ninayehakikisha barua hizo zinakuja na kwenda. Zikienda vizuri hakuna anayelijua jina langu. Zikikwama, wanalijua mpaka la babu yangu.

Mwaka huu seva yetu ilianza kuzeeka vibaya. Diski zake zilikuwa zikikoroma, na walioiunda programu yake walikuwa wameshaitupa mkono. Gurleen akanunua mpya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwahi kulala wakiwaza diski inayokoroma. Kazi yangu ilikuwa kupanga tarehe ya kuhama. Ilibidi wateja wote wahame pamoja, kwa sababu dunia inawafikia kwa mlango mmoja, na mlango mmoja hauwezi kuelekea nyumba mbili. Kuanzia jioni mpaka asubuhi iliyofuata, barua isingeingia wala kutoka.

Haya, chagua siku basi! Mwenye mahema ya matanga hataki Alhamisi wala Ijumaa, maana ndipo maiti zinatoka mochari kwenda makwao na kila familia inataka mahema jana. Wasabato hawataki kusikia habari ya kompyuta Jumamosi. Wakulima wa mpunga wa Pap Onditi hawataki siku ya soko lao. Kamati ya gurdwara, hekalu la Masingasinga, haina neno, mradi nisiwaguse Jumapili mchana wakati wa kupikia watu chakula. Nilichora jedwali kubwa ukutani, nikalijaza alama nyekundu, na kufikia Jumatano lilionekana kama mtu aliyeugua tetekuwanga.

Katikati ya jedwali hilo kulikuwa na mteja mmoja ambaye sikuthubutu kumkosea. Ni kikundi cha akina mama wa Asembo Bay wanaokausha omena, dagaa wadogo wa ziwani. Msimu ukiwa mzuri, kila alfajiri kiwanda cha chakula cha kuku kinawaandikia kuuliza wana magunia mangapi. Wasipojibu kabla lori halijaondoka, oda inaenda kwa wengine. Barua haipotei wakati wa kuhama, inasubiri tu mlangoni. Kiwanda ndicho kisichosubiri. Mwaka juzi seva ilianguka, wakakosa oda, mvua ikanyesha na omena yote ikaozea pale ufuoni. Kiwanda kikawaonya kwamba wakinyamaza tena mara moja tu, wasahau biashara hiyo. Anayejibu barua hizo kwa simu yake ni katibu wa kikundi, na katibu wa kikundi ni mama yangu mzazi. Omena hiyo ndiyo iliyonisomesha, kutoka darasa la kwanza mpaka chuo.

Ili nijue ni wakati gani barua ni chache, nilichora grafu ya miaka miwili. Sisomi barua za watu, jamani, nahesabu tu zinavyopita. Nilitegemea kuona mstari ukipanda katikati ya wiki na kushuka wikendi, na kweli niliuona. Lakini chini yake kulikuwa na wimbi jingine, refu zaidi. Barua zinajaa kwa majuma mawili hivi, zinapungua, kisha zinajaa tena. Wimbi hilo halikujali kalenda. Mara linashuka mwanzo wa mwezi, mara katikati, mara mwishoni, halina adabu kabisa.

Nikapandwa na mori. Mimi nikiona kitu nisichokielewa ndani ya mashine yangu, nakichukulia kama matusi. Nikazilaumu diski. Nikawapigia simu watu wa intaneti na kugombana nao. Nikawinda virusi kila pembe na sikukuta hata kimoja. Mwishowe nikaingia kwa Gurleen, nikagonga meza, nikamwambia seva imeingiwa na wazimu na hatuwezi kungoja mwisho wa mwezi ujao kama tulivyokuwa tumepanga. Tuhame baada ya wiki mbili, usiku wa Jumapili, wakati dunia nzima imelala. Gurleen hapendi ugomvi asubuhi. Alikubali, na siku hiyo hiyo notisi ikatumwa kwa wateja wote.

Jioni nilirudi nyumbani Kaloleni nikiwa bado nimenuna. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Nikatoa kigoda, nikaketi nje ya mlango na laptopu yenye chaji kidogo mapajani, nikaendelea kuukodolea macho mstari wangu mkorofi. Watoto walikuwa wakicheza kati ya nyumba. Mara wakapiga kelele za furaha wote pamoja. Mwezi ulikuwa unachomoza upande wa Kano, mzima, mkubwa, mwekundu kidogo, na mtaa uliokuwa gizani ukaanza kuonekana.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikizisubiri siku hizi za mwezi. Siku za giza mama hakuwa wetu, alikuwa wa ufuo. Wavuvi wa omena huingia ziwani na taa, omena huifuata taa, na kabla hakujapambazuka akina mama wako majini mpaka magotini kuipokea. Lakini mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga, na omena haina haja na taa ya mtu. Mitumbwi inapumzika. Hapo ndipo mama alikuwa akilala nyumbani, sisi watoto tumembana kila upande, na hakuna aliyemwamsha.

Nikautazama mwezi. Nikaitazama grafu. Mstari wa leo ulikuwa chini kabisa.

Sikuamini. Nikatafuta kwa simu tarehe za mwezi mpevu za miaka yote miwili, nikaziweka moja moja juu ya mstari wangu. Kila mwezi ulipojaa, barua zilikuwa bondeni. Kila kulipokuwa na giza, zilikuwa kileleni. Nikawatenganisha wateja. Akina mama wa Asembo Bay walikuwemo, ndiyo. Alikuwemo pia Sagar muuza magunia, na mwenye malori wa Kondele, na vijana wanaokodisha taa za sola, na wakala wa chumvi, na kiwanda kimoja kidogo cha kufunga omena kwenye pakiti. Watu hawa hawajuani. Wengine hawajawahi hata kulowesha mguu ziwani. Lakini barua zao zilikuwa zikipanda na kushuka kwa pamoja, kama kifua cha mtu aliyelala.

Nilikaa pale mpaka laptopu ikazimika, na hata ilipozimika sikuinuka. Nilistaajabu, na naliona neno hilo dogo. Tulikuwa tumenunua mashine ya kuwekea ankara na salamu, kumbe muda wote huo ilikuwa ikiuandika mwezi. Hakuna aliyeiagiza. Chumba chenyewe hakina hata dirisha. Na mimi, mtoto niliyelelewa kwa omena, niliuona mwezi kwa macho yangu nikauita wazimu! Nyani haoni kundule.

Kisha nikaikumbuka tarehe. Wiki mbili baada ya mwezi huu mpevu. Nilikuwa nimechagua giza totoro, siku ambazo ziwa halilali hata dakika moja, nikaandika kwenye notisi kwamba dunia nzima itakuwa usingizini. Nikampigia mama.

"Mama, ulipata notisi yetu?"

"Nilipata. Ile ya Jumapili ya giza."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Wamama hapa walianza kulia, eti tumekwisha, kiwanda itatuacha. Nikawaambia Lorine ni mtoto wa omena, hawezi kusahau giza. Kama amechagua hiyo siku, ako na sababu yake."

Ningeona heri anitukane. Nikamwambia tu kwamba tarehe itabadilika.

"Sawa, nyathina, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Asubuhi niliingia kwa Gurleen kwa adabu ambayo hakuizoea, na hiyo peke yake ilimtia wasiwasi. Nikamweleza yote. Nikamwomba tungoje mwezi ujae tena.

"Lorine," akasema polepole, "jana tu umenigongea meza hapa, ukasema hii seva ina wazimu, tuhame haraka. Notisi zimeenda. Diski inakufa. Sasa nitaambia wateja tunangoja nini? Mwezi?"

"Ndiyo. Mwezi."

"Uko siriasi?"

Mzee Balwant alikuwa amepanda juu kunywa chai yake ya saa nne, kama kawaida yake, na alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Mzee huyu alizaliwa Kisumu na anaongea Dholuo, lugha ya kwetu, vizuri kuliko mimi. Bintiye aliposema neno mwezi, alisogea, akavaa miwani, akainamia grafu iliyokuwa mezani. Akafuata mstari kwa kidole, bonde mpaka kilele, kilele mpaka bonde. Kidole kikapunguza mwendo.

"Dwe," akasema. Ndio mwezi kwa Dholuo.

"Unaijua, Mzee?" nikamuuliza.

"Nyar Asembo, hii ni duka yangu." Ndivyo anavyoniita, binti wa Asembo, lakini leo sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi nimeuza karabai hapa, zile taa za wavuvi, tangu niko kijana. Giza ikikuja, mafuta ya taa inaisha, vioo inaisha, watu wa ziwa wamejaa mpaka nje kwa barabara. Mwezi ikitoka, hakuna mtu. Unafagia duka, unalala juu ya kaunta. Baba yangu alikuwa anaagiza mali kwa kuangalia juu." Akamgeukia bintiye. "Nilipofunga ile biashara ya karabai nilisema hii kitu imekwisha, watoto watauza kompyuta. Kumbe imepanda ngazi, imekuja kukaa kwako."

Gurleen aliiangalia grafu kwa muda mrefu. Yeye ni mtu wa hesabu, hana mchezo na hisia, lakini nilimwona akikishika kidole cha baba yake na kukirudisha pale pale kwenye kilele.

"Na diski ikikufa kabla?" akaniuliza, lakini sasa kwa upole.

"Nitanakili kila kitu kila jioni kabla sijaenda nyumbani. Ikifa, unifute kazi."

"Nitakufuta kweli."

"Najua."

Tukatuma notisi nyingine. Mwezi uliofuata ungejaa Jumanne, siku ambayo haikuwa na matanga, Sabato, soko wala chakula cha gurdwara. Wateja waliuliza kwa nini tunabadilisha, na Gurleen akawajibu wote kwamba ni sababu za kitaalamu.

Zile wiki zilinikondesha. Kila asubuhi nilikuwa nikiibandikia diski sikio kabla ya kuvua koti. Giza likaja, na nikaona mstari ukipanda mbele ya macho yangu kama nilivyojua utapanda, na bado kila siku niliushangaa. Usiku ule wa Jumapili niliokuwa nimeuchagua kwa hasira zangu, mpaka asubuhi yake, seva ilipitisha barua nyingi kuliko usiku mwingine wowote wa mwezi huo. Zile za alfajiri za kiwanda na akina mama zilikuwemo, swali na jibu, swali na jibu. Nilizihesabu zikipita, nikamshukuru Mungu kwa sauti hadi Gurleen akageuka.

Kisha mstari ukaanza kuteremka. Jumanne jioni, mwezi ulipotokeza juu ya mapaa ya mji, nilifunga mlango wa zamani. Sitawachosha na habari za kazi yenyewe. Mzee Balwant alikataa kwenda nyumbani, akaketi kwenye kiti cha plastiki na chupa ya chai, akawa anauliza kila mara, "Sasa nani anahama?" Nami namwambia, "Sagar." "Sasa nani?" "Watu wa Pap Onditi." Aliitikia kila jina kama mtu anayewapokea wageni mlangoni. Nilipofikia akina mama wa Asembo Bay niliwataja kabla hajauliza. Walipita wote salama. Alfajiri nikaizima seva ya zamani, ikakoroma mara ya mwisho, ikanyamaza.

Asubuhi niliketi kando ya simu, nikingoja malalamiko. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Karibu saa nne ikalia. Alikuwa mama.

"Lorine, kazi ya giza imenisahaulisha ile notisi ya pili. Siku yenu ya kuhama barua ni lini tena? Hawa wamama wananiuliza, wanaogopa."

"Tulihama jana, mama. Imekwisha."

"Jana?" Nyuma yake nilisikia kuku na sauti za watoto. "Lakini jana mwezi ilikuwa imejaa. Tulilala wote, mpaka jua ikatuamsha."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Si niliwaambia," akasema. "Niliwaambia Lorine ako na sababu yake."