Wavu wa Papa Olive

Donat, baba wa Olive, alikuwa muuza maharage wa soko la Birere mjini Goma, na yeyote aliyemwona akishika nyundo alisogea pembeni. Lakini Novemba ile ya 2012, vita viliposhuka kutoka Rutshuru na mama mkwe wake akaingia uani kwake Katindo na furushi kichwani, Donat aliapa kwamba hakuna mbu atakayemwuma mgeni huyo.

Mama Masika alikuwa mkulima wa Kiwanja. Miezi kadhaa alikuwa amelala chini ya turubai katika kambi ya Kanyaruchinya, na mabomu yalipoikaribia kambi naye akashuka mjini kwa miguu hadi kwa binti yake Kahindo, mke wa Donat. Alipokelewa kwa vigelegele. Lakini furushi lake hakulifungua. Alilitundika nyuma ya mlango, na kila asubuhi alilipapasa.

"Mugeni siku mbili, ya tatu mumupe jembe," alimwambia Kahindo. "Sasa jembe yangu iko wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Jembe utalipiga wapi Goma, mji ulioketi juu ya mawe meusi ya volkano, ambako hata kitunguu huomba ruhusa kabla ya kuota? Mama Masika alikaa kwenye kigoda akiona haya ya kulishwa. Alimeza matonge mawili ya fufu, akasema ameshiba. Vita vikitulia, alisema, atarudi kambini, kwa sababu kule kila mtu ni mgeni. Kahindo alilia. Donat naye alimpenda sana yule mama, ingawa kwa heshima ya ukwe walizungumza kila mmoja akitazama upande wake. Kumwazia tena kwenye mvua ya Kanyaruchinya kulimkosesha raha. Kwa kuwa hakuwa na jembe la kumpa, aliamua kumpa angalau usingizi.

Mbu walikuwa wanaingilia matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha. Kahindo aliwahi kuyaziba kwa matambara, moshi wa mbabula, lile jiko la makaa, ukakosa pa kutokea, na familia nzima ikala maharage huku inatokwa machozi kama iko msibani. Donat akayang'oa matambara, akaleta kutoka Birere wavu wa waya wenye vitundu vidogo sana, akaupigilia. Palipotosha misumari minne yeye alipiga mpaka mbao zikalia. Alipiga hata kidole gumba chake. Alipomaliza alimwita jirani yake Paulin aje kuona.

"Mududu wa namna yoyote, hapa hataingia tena!"

Paulin alitazama juu, akacheka kidogo. "Sawa, Papa Olive. Tutaona."

Kwa kweli mbu walibaki nje wakiimba, na Mama Masika alilala vizuri. Asubuhi alimtuma binti yake amshukuru mumewe, kisha akalipapasa furushi. "Barabara iko nafunguka," alisema. "Kesho nitaenda." Donat alimsikia akiwa uani, na kidole chake kikaanza kuuma upya.

Tangu mji uingiliwe na waasi, umeme ulikuwa umekatika. Jioni ile, mvua ikiwa imetoka kupita na giza linaanza kuingia, taa zikawaka Katindo yote kwa mpigo. Watoto walilipuka barabarani: "Courant! Courant!" Olive, binti wa Donat, alicheza uani hadi akapoteza kandambili. Donat alidhani furaha ya siku hiyo imekwisha fika kilele. Ndipo kitu kikagonga bati. Kikagonga kingine, halafu vingine vingi, na mbingu ilikuwa safi.

Mama Masika alisimama ghafla.

"Senene!"

Aliyekulia nchi ile akisikia neno hilo huacha hata sala katikati. Senene huja msimu wao tu, na hufuata mwanga. Kwa Paulin walikuwa wanamiminika ndani kupitia matundu yaliyo wazi, na familia yake inapiga kelele za furaha, sufuria mikononi. Kwa Donat waligonga waya, wakateleza, wakarukia kwa Paulin.

"Papa Olive!" Paulin aliita kutoka dirishani kwake. "Mududu wa namna yoyote, hein?"

Mama Masika alisahau ukwe wote. Alimkazia mkwewe macho usoni. "Papa Olive! Toa hii kitu! Toa mbio!"

Donat alipanda juu ya meza. Misumari aliyoipiga kwa mapenzi sasa ilimkatalia. Alivuta, akatukana, akamwomba mama mkwe msamaha kwa matusi, akavuta tena.

"Vuta na huku chini! Si vile! Nani alikufundisha kupiga misumari?" Mama Masika alimfokea.

Wavu ukaachia, Donat akaangukia kitandani pamoja nao, na senene wakaingia. Waliingia kwenye shingo ya shati lake, kwenye nywele za Kahindo, hata kwenye sufuria ya maharage. Donat alilala palepale akicheka. Mama Masika alikimbilia mlango, akatungua furushi na kulifungua bila kufikiri. Sweta ikaruka huku, sahani ya bati kule. Akachomoa kitenge kikubwa, akamshikisha Kahindo pembe mbili, na Olive akafundishwa kuwaswaga senene kutoka ukutani.

Baadaye walikaa wote kuchambua mabawa na miguu. Mama Masika hakuruhusu mtu mwingine kugusa kikaango. Aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akatia chumvi na kitunguu. Alimpakulia Donat kwanza, akapeleka sahani kwa Paulin, akagawia kila aliyechungulia uani. Kisha akajipakulia, akala mpaka akalamba vidole.

"Leo nimepata jembe yangu," alisema.

Donat alifurahi mpaka macho yakamwasha, na safari hii halikuwa kosa la moshi.

Asubuhi furushi halikuwapo nyuma ya mlango. Kitenge kilikuwa kwenye kamba, kimefuliwa. Donat alisimama chini ya matundu na nyundo yake, asijue la kufanya.

"Rudisha wavu, mbu zisitukule," Mama Masika alisema, safari hii akitazama pembeni kwa heshima. "Lakini usipige misumari. Tia charnière, ikuwe inafunguka."

"Ya nini, Mama? Senene si zitarudi mwaka kesho tu?"

"Ndiyo. Nani atakufungulia? Si ni mimi?"

Donat alitoka mbio kwenda Birere kutafuta bawaba, nyundo ikiwa bado mkononi, na njia nzima watu walimpisha.