Madumu ya Kamanda

Hakuvaa gwanda hata siku moja maishani mwake, lakini mtaa mzima ulimwita Kamanda, kwa sababu ya gari kuukuu la jeshi alilolifufua kwa mikono yake katika gereji nyuma ya nyumba. Mkewe alizoea kutania kwamba gari lile ndilo mke mkubwa.

Na kama kuna mke aliyedekezwa, ni huyo. Kamanda hakulitilia petroli ya kuokoteza. Aliitafuta isiyochanganywa na spiriti, maana spiriti hula mipira ya injini za zamani, akaijaza kwenye madumu ya chuma mpaka shingoni. Dumu likibaki nusu, alisema, hewa itaichachusha.

Sasa hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani, kwa maneno ya upole ambayo mkewe alikataa kuyaelewa. Mgonjwa aliomba kitu kimoja tu: asikie gari lake likinguruma. Mkewe akamketisha mlangoni mwa gereji, blanketi magotini, akafungua dumu.

Kamanda akanusa, akakunja uso. "Hili limechacha. Lete jingine."

La pili lilinuka vilevile, kama rangi ya mlango. La tatu pia. Mkewe akaliweka dumu chini.

"Ni mimi," akasema. "Ulipolazwa, jirani alikuwa akinileta kwako kila siku kwa pikipiki yake. Nilikuwa namtilia petroli ya humu. Nikaona aibu kukumalizia dumu zima, nikawa napunguza kidogo kidogo kila moja."

Alisubiri kufokewa. Heri angefokewa.

"Ungemaliza moja tu, mke wangu," Kamanda akasema taratibu. "Basi, nenda kanunue hapo kituo cha mafuta."

"Ile ya spiriti? Wewe huyo ndiye unasema hivyo? Si itakula mipira?"

"Mpaka iile ni miezi mingi. Tia tu."

Hapo ndipo maneno ya hospitali yalipomwingia, yote kwa mpigo. Alikwenda, akarudi, akatia huku petroli ikimmwagikia viganjani. Gari likakohoa, likasusa, kisha likakubali. Kamanda akafumba macho, akatabasamu mpaka meno yakaonekana. Mkewe akainama nyuma ya boneti, akalia kwa sauti yake yote, maana kwa kelele zile asingesikika.

Baadaye akajifuta uso, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," Kamanda akamwambia. "Acha iishe yote. Ikilala tangini itakuja kukusumbua."

Kukusumbua wewe, alisema. Miaka yote, shida za gari lile zilikuwa zao wawili.